Siku Kanjo Waliponiuliza Kama Nina Maziwa

Januari 2021 niliugua korona hapa Leicester, Uingereza. Siku ya tatu, nikiwa nimejifungia chumbani, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Mwanamke wa sauti ya taratibu akataja majina yangu yote matatu. Aliyatamka kwa shida lakini hakuruka hata moja. Kisha akasema anapiga kutoka baraza la jiji. Moyo ulinilipuka, nikajua tu nina deni. Kumbe alitaka kujua kama nina chakula, kama kuna mtu wa kunichukulia dawa, na kama maziwa yamebaki.

Mimi nimezaliwa Nyalenda, Kisumu. Kwetu neno kanjo, yaani baraza la mji na askari wake, huja na mbio. Mtoto akilipaza barabarani, wachuuzi wamekwisha kunja maturubai na kujitwika mabeseni kabla hajafunga mdomo. Kaunti zilipokuja mwaka wa 2013 mabaraza ya zamani yalikufa, ila neno halikufa, na zile mbio hazikufa. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini siku hiyo ya simu, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza na kanjo bila kutafuta pa kukimbilia. Baada ya kukata simu nililia.

Jioni yake kisanduku kililetwa mlangoni: mkate, mchele, maharagwe ya mkebe, maziwa, viazi. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Mwajiri wangu hakuwa akilipa mshahara wa mgonjwa, kwa hiyo nilibaki na posho ya kisheria, paundi 95.85 kwa wiki. Kodi ya chumba peke yake ilishinda hapo. Tangu mwisho wa Septemba 2020 mabaraza ya miji ya England yalikuwa yakitoa paundi 500 kwa mtu wa kipato cha chini aliyeagizwa kukaa ndani. Fungu la kwanza sikulistahili, maana sikuwa nikipokea ruzuku yoyote ya serikali, lakini kulikuwa na fungu jingine ambalo baraza lenyewe liliamua nani apewe. Nikajaza fomu kwa simu nikiwa kitandani. Baada ya wiki tatu pesa zikaingia.

Msichana wa Kakamega tuliyekaa naye nyumba moja hakuomba chochote. Kibali chake kilikuwa kimeandikwa kwamba haruhusiwi kutegemea fedha za umma, akaogopa hata kuuliza. Alikula nilicholetewa mimi. Nasema hivi ili mtu asidhani naiimbia sifa nchi ya watu. Hapa ukikosa karatasi, hakuna anayekuona, hata kama mlango wako unatazamana na wake.

Na Leicester yenyewe ilipata taabu yake. Juni 29, 2020, nchi ikijiandaa kufungua mikahawa na vinyozi, ilitangazwa kwamba mji wetu utabaki umefungwa, wa kwanza kufungwa peke yake. Meya, Peter Soulsby, alilalamika hadharani kwamba kwa wiki nyingi wamekuwa wakiomba takwimu za waliopimwa mjini mwao. Serikali kuu ilikuwa nazo, jiji halikuwa nazo. Zilipopatikana, ndipo watu wa baraza walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiacha vifaa vya kujipima. Mzee wa Kihindi aliyeishi jirani, aliyefukuzwa Uganda mwaka wa 1972 na Idi Amin na ambaye bado hunisalimia "habari ya asubuhi", alinikumbusha kwamba mwaka huo huo baraza la Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia Wahindi wasije. Leo wajukuu wao ndio wanaobeba hivyo visanduku. Mimi jambo hilo lilinipa moyo kuhusu nyumbani kuliko hotuba nyingi nilizosikia.

Nikiwaeleza watu wa Kisumu habari hizi hunijibu kwamba Wazungu wana pesa. Wanazo. Lakini yule mwanamke asingenipigia kama jina langu halikuwa limeandikwa mahali. Baraza linajua nani analilipa kodi kwa nyumba ipi. Daktari ana jina langu, na majibu ya kipimo yana namba yangu ya simu. Mkurupuko ulipokuja, walikuwa na daftari la kuanzia.

Sasa twende nyumbani. Mama yangu anauza samaki wa kukaanga na mgongo wazi, ile mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, karibu na steji. Biashara yake ina saa mbili tu za maana, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, watu wanaporudi kutoka kazini na kupitia kitoweo. Juni 1, 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu, katika uwanja mpya wa Mamboleo, wakati kirusi cha Delta kimekwisha kuingia mjini na madaktari wanaonya. Juni 18 ikatoka amri kwa kaunti 13 za ukanda wa Ziwa: kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Sikuipinga kafyu yenyewe, watu walikuwa wakifa. Lakini kwa mama yangu kafyu ya saa moja ilikuwa sawa na kuambiwa asiuze, na hakuna mtu wa ofisi yoyote aliyekuja kumuuliza basi utakula nini.

Aliyekuja alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mama mmoja wa mtaa huo huo, viatu vya plastiki, mfuko begani. Alipita kwetu karibu kila wiki. Anajua mama ana presha, anajua nyumba ya tatu kuna mtoto anayemeza dawa za kifua, anajua nani amejifungua na nani amehama usiku kwa deni la nyumba. Mhudumu kama yeye hupewa kaya 100 hivi za kutembelea, na ana daftari la kaya, fomu wanayoiita MOH 513, ambalo hulisasisha kila miezi sita. Halafu siku moja alileta sabuni ya kipande. Mama akamuuliza imetoka wapi. Alikuwa ameinunua mwenyewe, na wakati huo alikuwa akifanya kazi ya kujitolea.

Jambo hili ndilo linanikosesha usingizi. Leicester walikuwa na pesa na daftari, lakini hakuna aliyejua uso wangu. Nyalenda tulikuwa na daftari tayari, limeandikwa kwa mkono na mtu anayejua uso wa kila mmoja wetu, na hakuna aliyelifungua wakati wa kugawa msaada! Orodha za wahitaji ziliandikwa upya, mbio mbio, kupitia chifu na wazee wa nyumba kumi, na mtaani kote watu wakabaki wakiulizana nani amemwandika nani. Majirani waliosalimiana miaka ishirini walinuniana kwa sababu ya unga.

Sitasema hakuna kilichofanywa. Mdogo wangu wa mwisho aliingia Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali ya kitaifa, akawa akizibua mitaro inayomwaga mto Auji kwa shilingi 455 kwa siku. Zilimfaa. Kwa mara ya kwanza mvua ilinyesha bila maji kuingia jikoni kwetu. Kaunti ya Kisumu nayo ilianzisha bima ya Marwa kulipia kaya maskini michango ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya wa wakati huo, na jina lenyewe, kwa Kijaluo, maana yake ni "yetu". Huo ulikuwa uamuzi mzuri na ningependa usemwe zaidi. Ila bima humfaa mtu akishafika hospitali. Mama alihitaji kitu cha kumfanya akae ndani bila njaa, ili asifike huko.

Na hospitali zilikuwa zimelemewa. Ile ya rufaa tunayoiita Russia, kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga, ilipokea wagonjwa wa kanda nzima. Mama yangu mdogo alipokosa pumzi tukampeleka kwa hospitali moja ya kibinafsi. Wakadai amana kwanza. Ilikuwa saa nne usiku Kisumu, kwangu saa mbili. Kikundi chetu cha WhatsApp cha familia, watu kumi na saba, wa Leicester, Doha, Nairobi na Minnesota, ndicho kilichokuwa serikali yake usiku ule. Kila mtu alituma alichokuwa nacho. Alipona, Mungu ashukuriwe. Pesa ambazo Wakenya wa nje hutuma nyumbani zilipanda kutoka takriban dola bilioni 2.8 mwaka wa 2019 hadi bilioni 3.1 mwaka wa 2020, katikati ya janga, wakati wengi wetu tulikuwa tumepunguziwa saa za kazi. Watu huisoma namba hiyo kama habari njema. Mimi nikiiona nakumbuka ile amana, na nawaza wale wa Nyalenda ambao hawana mtu Doha.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti huduma za afya za mashinani na pia kukabiliana na majanga. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inaziruhusu kaunti kuanzisha mfuko wa dharura. Daftari lipo. M-Pesa ipo, hata Machi 2020 ada za kutuma chini ya shilingi 1,000 ziliondolewa hadi mwisho wa mwaka huo, kwa hiyo njia ya bure inawezekana. Ninachoomba, kama mtoto wa mji huo, ni kwamba vitu hivi viunganishwe kabla ya siku ya shida. Kipindupindu hakituachi sisi wa kando ya Ziwa, na maji ya Auji yakifurika hayangoji kikao. Iandikwe kabisa kwamba mlipuko ukitangazwa, kaya zilizo katika daftari la mhudumu, zenye mgonjwa, mzee au mchuuzi wa jioni, zitumiwe kiasi fulani kwa wiki, na orodha ibandikwe mlangoni pa zahanati wote waisome. Vibanda vya maji vifunguliwe bure kwa wakati huo, maana huwezi kumwambia mtu anawe mikono huku akinunua mtungi. Na iwepo namba moja ya simu ambayo mtu wa kaunti anaipokea kwa Kiswahili na Kijaluo.

Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba ya vifaa, simu za kazi na posho iliyopangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka kaunti, nusu kutoka serikali kuu. Nilifurahi sana. Mhudumu wetu anastahili zaidi, lakini nilifurahi.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani alipopita. Sasa anaandika kwenye simu. Akahesabu waliolala nyumba ile, mimi akaniruka kwa kuwa mgeni haandikwi. Mama akakasirika. "Huyu ni nyathina, mtoto wangu, muandike." Akaelezwa kwa upole kwamba haiwezekani. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hayo yote unayoandika, ugonjwa ukija tena, kuna mtu atayasoma?"

"Mimi naandika na kutuma, Mama. Huko yanakoenda sijui."

Akamfunga ule mkanda wa kupimia mkononi, tukanyamaza wote watatu tukisubiri. Presha ilikuwa juu. Akamwambia apunguze chumvi kwenye samaki anaokula mwenyewe, akafunga mkoba, akaenda nyumba inayofuata.