Nilivyopiga Hodi Lamu Nikiwa Juu ya Punda

Sawa, nimeona. Jamaa yangu ameshaitupa ile video kwenye kila grupu la WhatsApp alilomo, mpaka la kamati ya harusi ya binamu yake, na maneno chini yake eti "mwenzetu kavamia nyumba ya watu Lamu". Sikuvamia. Nilipelekwa. Na goti bado linawasha hivi ninavyoandika, kwa hiyo nawaomba mcheke kwa adabu.

Tulikuwa pale mbele ya bahari, jioni jioni, watu wanashusha mchanga wa kujengea na punda wanaubeba, maana ule mji gari si jambo lake. Mi nikataka picha moja tu juu ya punda, ya profaili. Kijana mwenye punda akaniambia kaa nyuma kabisa, karibu na mkia, wenyewe ndo wanavyopanda, hakuna tandiko wala nini. Nikakaa katikati kama bosi. Halafu nikampa simu yangu anipige. Sasa hebu tazameni mambo yalivyokaa: mwenye punda kashika simu, jamaa yangu kashika mbavu, kamba haijashikwa na mtu, na punda mwenyewe kamaliza zamu yake ya mchanga.

Akaondoka.

Na hakukimbia, hilo ndilo linaloniuma, angekimbia ningeanguka watu wakanionea huruma. Alitembea. Taratibu kama mzee anayerudi kutoka msikitini, hana haraka, hana habari na mimi. Akakata kona akaingia kichochoro ambacho upana wake ni punda mmoja na nusu, ile nusu ndo mimi, kushuka siwezi, ukuta huku ukuta huku, na goti linasugua yale mawe ya matumbawe. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, basi jueni kuna kipande cha ngozi yangu nacho kimeshaingia humo. Mbele wakatokea punda wengine wamebeba mawe. Wangu hapishi mtu. Nikainua miguu yote miwili juu, nikamkumbatia shingo, tukapita.

(Nyuma nawasikia wale wawili wanakuja mbio. Nikajua nimeokoka. Kumbe wanarekodi.)

Tukatokea Usita wa Mui, ile njia kuu yenye maduka, watu kibao, halafu tukaingia uwanja wa mbele ya ngome, wazee wamekaa wanapunga upepo. Ngome ile ilikuwa jela mpaka 1984 na walai nilitamani waifungue tena wanifungie hata usiku mmoja. Nikaona nisipowasalimia itakuwa aibu juu ya aibu. Nikasema, kutoka huko juu, "Shikamooni wazee." Wakaitikia vizuri tu. Kisha mmoja akamuuliza mwenzake, huyu si punda wa fulani? Ndiye. Na huyo aliye juu?

"Huyo hatumjui."

Sasa ngojeni, maana jamaa yangu kwenye video amekata hapa, na hapa ndipo penyewe. Punda akafika kwao. Mlango wa uani uko wazi. Naona kizingiti cha juu kinanijia usoni, nikalala kifudifudi, pua ndani ya manyoya, nasikia ubao unapita mgongoni pole... pole... shati likashikwa na msumari, likaachia. Nikainua kichwa. Mama mmoja ameinama anachambua mchele, hajageuka, anamwambia punda, "Leo umerudi mapema." Kwa upole kabisa, sauti ya nyumbani. Na mimi niko pale juu, siwezi kukohoa, siwezi kutoka, siwezi kufa. Nikatafuta neno lolote la heshima nililofundishwa tangu utotoni, likaja moja.

Nikasema, "Hodi."

Uungo ukaruka. Mchele kila mahali. Mama akavuta leso kichwani, akanitazama mimi, akamtazama punda, akanitazama tena, na mdomo kwa mazoea ukamtoka: "Karibu." Kisha akili ikamrudia. "Mwanangu, hodi si huwa nje?"

Punda kashaanza kula mchele.

Basi mengine ni yale yale, nikashuka, nikaomba radhi kwa lugha zote, tukaokota mchele pamoja, nikapewa maji ya ndimu, kijana akafika anahema machozi ya kicheko yamemjaa, simu yangu ikarudi. Nikamtolea hela tulizopatana. Akazihesabu, akaniambia hizo ni za picha.

"Na zingine za nini?"

"Za kuletwa mpaka huku, bro."

Nikamgeukia mama anitetee. Mama akasema mtoto ana haki yake.

Nikalipa.