Mataji manane si kazi ya mtu mmoja
Mwandishi mmoja wa michezo anadai kwamba mataji manane ya taifa ambayo timu ya wanawake ya lakrosi (mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu) ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, imeyatwaa tangu mwaka 2005 ni kazi ya kocha mkuu Kelly Amonte Hiller peke yake. Sifa anazistahili, lakini dai hilo linawasahau wasaidizi wake, akiwemo mumewe, Scott Hiller. Katika mchezo huu, baada ya kila bao wachezaji wawili husimama katikati, mpira ukiwa umebanwa kati ya migongo ya fimbo zao, na timu inayoupata yaweza kufunga tena kabla wapinzani hawajaugusa. Ufundi huo wa kuupata mpira kwa kuzungusha kifundo cha mkono hufunzwa kwa subira, aghalabu na msaidizi asiyetajwa magazetini. Wenzangu mnaofuatilia michezo ya vyuo vya Marekani, ni msaidizi gani mwingine mnayeona amenyimwa haki yake?