Usiulize injini ya ngapi

Mtu akinunua boti hapa Mombasa, swali la kwanza analoulizwa ni "Injini ya ngapi?" Akijibu arubaini, yaani nguvu za farasi arubaini, watu huitikia kwa adabu tu. Akijibu mia na kumi na tano, wanasimama kuitazama. Hakuna anayemuuliza kamba ya nanga ina urefu gani, wala kama anajua maji leo yanapwa saa ngapi. Boti za starehe zimezidi kuonekana Tudor na Mtwapa, na nyingi utaona pesa zote zimeingia kwenye injini, chenji ikaenda kwenye spika za muziki.

Ushauri wangu kwa mwenye boti mpya ni nunua injini ndogo kuliko ile unayoimudu, na pesa zilizobaki zitumie kwa vitu visivyopendeza kwenye picha. Nyingine mlipe nahodha wa pwani akae nawe msimu mzima.

Huyo nahodha atakuanzisha na maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Na hapa Mombasa bamvua lina saa zake: maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Sasa itazame ratiba ya mwenye boti mpya siku ya Jumapili. Chai, kuvisha watoto, kupitia petroli, barafu ya soda, mpaka boti inateremshwa ni saa nne unusu. Saa hiyo ndani ya mwamba wa Nyali na Bamburi mafungu ya mchanga yako nje na watalii wanatembea kwa miguu. Propela ikianza kusaga matumbawe anailaumu ramani ya simu. Wavuvi wameshapita hapo kitambo, maji yakiwa bado yamejaa.

Tena maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na kitu, lakini nusu ya maji yote hutoka katika saa mbili za katikati. Ndipo mkondo unapokuwa mkali, na ukikutana na upepo wa kusi kwenye mlango wa hori la Mtwapa, mawimbi husimama wima, mafupi mafupi, yamefuatana. Boti ya futi kumi na nane haina kazi hapo. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, mgeni wa bahari abaki ndani ya hori, na safari za nje ya mwamba azingojee kaskazi. Wenye majahazi walipanga mwaka mzima kwa pepo hizo, nasi hatujawa mabingwa kuliko wao kwa sababu tuna petroli.

Vifaa basi. Cha bei rahisi kuliko vyote ni nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji sehemu ya nyuma. Boti ikiteremshwa bila hicho inaanza kujaa hapo hapo gatini, mbele ya watu. Beba cha akiba, ukifunge kwa uzi karibu na usukani. Kisha kuna kamba nyekundu ya kuzimia injini, ile inayofungwa mguuni au mkononi mwa dereva. Wengi huiacha ikining'inia kama pambo. Dereva akirushwa majini bila kamba hiyo, injini haizimiki. Boti hubaki inazunguka na kurudi pale alipo yeye, propela ikizunguka.

Nanga nayo inanunuliwa kwa macho. Uzito wake peke yake hausaidii kitu kama haina mita chache za mnyororo na kamba ya kutosha, angalau mara tano ya kina cha maji. Ukitia nanga kwenye mita 5 maji yakiwa yamepwa, hesabu na zile 3 zitakazopanda, upate 8, mara tano ni mita 40. Boti nyingi ninazoziona zina kamba ya kufungia mbuzi. Na uitie mchangani. Nanga moja huvunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986 na sasa iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, maboya ya kufungia yamewekwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu laifujaketi sitaki mjadala. Moja kwa kila kichwa, za watoto ziwe za saizi ya watoto na zina ukanda wa kupitisha katikati ya miguu, la sivyo mtoto huchomoka na jaketi likabaki linaelea peke yake. Zivaliwe, zisifungiwe chini ya viti. Na asiniambie mtu kwamba haendi mbali. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na nchi kavu, ndani ya bandari ya Kilindini, na watu 272 wakafa.

Karatasi ni jambo fupi: chombo kisajiliwe na kukaguliwa na KMA, mamlaka ya Kenya inayosimamia usafiri wa baharini, mwendeshaji awe na leseni ya ukoksweni, yaani ya kuongoza chombo kidogo, idadi ya abiria isizidi iliyoandikwa. Kinachonishughulisha zaidi ni kanuni za njia, kwa sababu wengi wanazileta kutoka barabarani. Kwetu gari hukaa kushoto. Baharini ni kinyume: mkikutana omo kwa omo, yaani mbele kwa mbele, kila mmoja anageuza kulia, mnapishana kushoto kwa kushoto. Mtu aliyezoea kuendesha juu ya Daraja la Nyali, akishtuka chini yake mkono unakwenda kushoto wenyewe, na hapo ndipo vyombo vinapogongana. Mkikatizana, aliye upande wako wa kulia ndiye wa kupishwa. Anayempita mwenzake kutoka nyuma ndiye wa kujihadhari. Mwenye injini humpisha mwenye tanga, isipokuwa huyo wa tanga ndiye anayempita. Halafu tahadhari na video za Marekani: wao wakiingia bandarini huliweka boya jekundu kulia. Huku kwetu boya jekundu hukaa kushoto kwako unapoingia kutoka bahari kuu. Ukifuata video utapanda mwamba.

Kilindini, wewe ni mdogo kuliko wote. Katika mlango mwembamba chombo kisichofika mita 20 hakina ruhusa ya kuizuia meli inayotegemea kina cha mlango huo. Aliye juu kwenye daraja la meli, chumba cha kuiongozea, anaweza asiyaone maji ya mbele ya omo kwa mamia ya mita. Sheria ya kimataifa inakubali hadi mita 500. Wewe na spika zako mko ndani ya hizo 500. Ukisikia honi fupi tano, meli inakuuliza umekusudia nini. Jibu ni kuondoka njiani. Feri za Likoni vilevile, zimebeba maelfu ya watu wanaokimbilia kazini. Pita nyuma yao, usipite mbele.

Lakini adabu inayonikera zaidi kukosekana ni ya mawimbi. Jioni moja hori la Mtwapa, mzee mmoja alikuwa ndani ya mtumbwi na mshipi wake, akipita kijana na boti nyeupe kwa kasi zote, kama hatua kumi hivi kando yake. Wimbi likaingia mtumbwini. Mzee akaweka mshipi chini, akachukua mtungi wa mafuta uliokatwa, akaanza kufua maji, na samaki wake wakielea miguuni. Kijana alipogeuza kurudi alimwita, bila hata kupaza sauti sana: "Mwanangu, hata salamu?"

Wimbi la boti yako ni lako mpaka litakapokufa. Ukiona mtumbwi, mtu anayeogelea au vyelezo vya nyavu, punguza mapema, maana ukipunguza ukishafika wimbi la nyuma linakufuata na kukupita. Usikate katikati ya vyelezo. Wavu ukijizonga kwenye propela mmepoteza nyote wawili, na yeye ndiye aliyekuwa akiutegemea kwa chakula. Toa salamu. Siku injini itakapogoma, huyo wa mtumbwi ndiye atakayekuwa karibu nawe.

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo, iwe imewashwa chaneli 16, ya kuitana na kuomba msaada, simu iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Na kabla ya kuondoka mwachie mtu wa nchi kavu taarifa: mnakwenda wapi, mko wangapi, mnarudi saa ngapi. Asiwe rafiki yako wa kusema "ah, watakuwa wamechelewa tu." Mtafute mwenye wasiwasi. Mimi humwachia shangazi yangu, ambaye adhana ya magharibi haijaisha ashapiga simu.