Siku niliyoomba mbuzi aniokoe

Kwanza mjue mimi si mtu wa gofu. Mimi ni mtu wa kliaringi, kutoa mizigo forodhani pale Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, kazi yangu ni makaratasi, mihuri, na kumwambia dereva "dakika tano tu" halafu analala mpakani siku mbili. Gofu nilikuwa naijua kwa kupita, uko kwenye bodaboda unaingia mji wa Tororo, upande wa Uganda, unaona nyasi zimekatwa vizuri na wazee wenye kofia wanatembea polepole wameinamisha vichwa kama wamepoteza funguo.

Sasa kuna mzee mmoja mwenye malori, ndiye mteja wangu mkubwa, yaani yeye akikohoa mimi ndio naugua. Siku moja tuko kwenye chai akaniuliza ghafla, kijana, unacheza gofu? Na mimi sijui ni shetani gani alikuwa kwenye ile chai, nikajibu "kidogo tu mzee". Jamani hiyo kidogo tu! Ningesema sichezi yangeishia hapo, lakini kidogo tu maana yake unacheza sana ila una adabu. Mzee akafurahi mpaka akaniongezea chapati. Jumamosi saa saba mchana, akasema, Tororo, na usichelewe.

Ijumaa usiku nikashinda YouTube, kisha nikafanya mazoezi sebuleni na ufagio, mpira nikatumia limau. Mama watoto alisimama mlangoni akaangalia, akaniuliza kama kazini wamenifukuza, nikamwambia hii ni kazi, akaenda kulala.

Mavazi nayo yakawa shida, maana wanataka shati la kola, na shati la kola nililokuwa nalo safi ni la kampeni. Sitasema la nani, rangi mnazijua. Viatu nikaazima daluga za mpira za shemeji, namba moja chini ya yangu.

Lakini niseme ukweli, pale mahali ni pazuri mpaka unasahau deni. Ni mashimo 9, ukitaka 18 unazunguka mara mbili, na popote unaposimama ile Rock, jabali la Tororo, iko juu yako, mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, imekaa tu imenyamaza kama mzee wa ukoo aliyekuja kusikiliza kesi. Upande mwingine siku ikiwa safi unaona mlima Elgon kwa mbali. Upepo unapita, miti imetulia, nikasema moyoni kumbe hawa wazee hawakuwa wamepoteza funguo, walikuwa wanapumzika.

Amani ikadumu mpaka niliposhika fimbo. Kedi wangu, yaani wa kutubebea mfuko wa fimbo, alikuwa kijana wa kama miaka 19, akaniangalia mikono, akasogea akaninong'oneza, "Boss, umeshika kama jembe." Siri yangu ikafia pale pale. Ila alikuwa na huruma yule mtoto, akasema, "Fanya tu kama unaumwa mgongo." Basi nikapiga pigo la kwanza, nikapata hewa. La pili hewa. La tatu nikang'oa udongo na nyasi zake, ule udongo ukaenda mbali kuliko mpira. Nikashika mgongo, nikasema aiii. Mzee akasema pole sana kijana, hiyo ni kukaa kwenye kiti cha ofisi.

Mchana mzima nikawa mgonjwa wa mgongo. Kuna kanjia ka watu wanaokatiza uwanjani wakirudi sokoni, sasa mama mmoja mwenye beseni la muhogo akaona mapigo yangu mawili, akalitua beseni chini kabisa, akauliza kwa sauti, "Mwanangu, unacheza ama unalima?" Kedi akageuka akaangalia Rock ili asinichekee usoni. Kitu kimoja tu nilikipenda siku ile, ni ile sheria kwamba mpira ukipotea unautafuta dakika 3 tu basi (zamani zilikuwa 5, wakapunguza 2019). Mimi nilipoteza minne. Dakika 3 mara nne ndiyo mapumziko pekee niliyopata.

Tukafika shimo moja fupi, la par 3, yaani mapigo matatu yanatosha, grini yenyewe, zile nyasi fupi zenye shimo, imejificha nyuma ya kituta, unaona kitambaa cha bendera tu. Kule nyuma ya Rock mbingu imekuwa nyeusi kama sufuria la shule. Kedi akaiangalia akasema, "Mzee, twende ndani." Na huyo mtoto si mwoga, ni Tororo tu ilivyo, huu mji ulipimwa mwaka 1967 hadi 1976 ukakutwa na wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, hebu piga hesabu zimebaki ngapi za kuanika nguo. Mzee akasema hili moja tu halafu tunakimbia. Akapiga lake, likaingia kwenye mchanga. Mimi nikaweka mpira wangu wa mwisho, ule niliouchora tiki nyekundu kama tunavyotia kwenye makaratasi, nikafumba macho, nikapiga.

Nilisikia tu tak! Kufungua macho naona mpira unaenda kushoto kabisa, kule ambako hakuna mtu anataka kwenda, ukagonga kichuguu, ukaruka juu, ukageuka kulia, ukapotelea nyuma ya kituta upande wa bendera. Kedi akasema "eh". Kabla sijauliza hiyo eh ni ya namna gani, radi ikapasuka juu ya Rock, na nasema ikapasuka kwa maana meno yangu yaligongana yenyewe.

Mzee wa miaka sitini na kitu nilimuona kwa macho yangu akinipita mbio. Kedi na mfuko wa vyuma mgongoni alishafika mbali. Mimi na daluga za shemeji nikateleza, na kwa vile nilikuwa nimesikia mahali usisimame chini ya mti wala usiwe kitu kirefu uwanjani, nikajitupa kwenye shimo la mchanga nikalala kifudifudi. Wazo zuri kwa dakika mbili, kisha mvua ikaja na lile shimo likaanza kujaa kama karai. Nikatoka nikiwa na rangi ya simenti ya hapo Tororo, nikaingia klabuni nikakuta watu wote wamekwama ndani, meza zimejaa, wananiangalia. Hilo la meza kujaa mliweke akilini.

Mvua ilipokata tukarudi na kedi kuutafuta mpira. Kwenye grini tukakuta katoto ka kama miaka kumi, kamejifunika kaveera, mfuko wa plastiki, kichwani, mbuzi watatu pembeni, mkononi kameshika mpira. "Uncle, unanunua? Elfu mbili." Naangalia, tiki nyekundu. Nikamwambia wewe, huu ni wangu. Akanijibu bila wasiwasi, "Mimi nimeutoa kwenye shimo."

Kedi akaganda. "Shimo gani?" Mtoto akanyoosha kidole kwenye bendera. Yule kedi alitupa mfuko wa mzee wa watu kwenye maji akakimbia kuelekea klabuni akipiga kelele "HOLI-IN-WANI! HOLI-IN-WANI!", yaani mpira umeingia shimoni kwa pigo moja. Mimi nikatoa elfu mbili nikanunua mpira wangu mwenyewe.

Naomba mnielewe, dakika nne zilizofuata ndizo tamu kuliko zote katika maisha yangu ya ukubwani. Niliingia klabuni watu wakasimama wakapiga makofi. Wazee nisiowajua wananikumbatia na matope yangu. Mmoja akasema mchezaji wa kawaida ana bahati hiyo mara moja katika mapigo 12,500, mwingine akasema na mgongo mbovu vile! Mzee wangu, miaka 22 anacheza na hajawahi kuipata hata moja, akanishika mkono ila hakuniangalia machoni. Nikaanza hata kutembea tofauti. Kisha yule dada wa kaunta akaja na daftari na kalamu, akatabasamu, akaniuliza, "Boss, tunaanza na meza gani?"

Nikamwuliza tunaanza nini.

Kumbe! Hao watu wana mila, na dunia nzima iko hivyo, ukiingiza kwa pigo moja ni wewe unanunulia klabu nzima vinywaji. Siyo wewe unanunuliwa. Wewe ndiye unanunua! Mzee akanieleza taratibu kama anamweleza mfiwa, akasema huko Japani watu wanakatia bima kabisa, ikitokea kampuni inalipa sherehe. Nikaingiza mkono mfukoni, nina elfu arobaini na tatu, na noti moja imelowa imekatika.

Basi tangu hapo nikawa wakili dhidi yangu mwenyewe. Pale kuna mzee wa miwani anazijua sheria za gofu zote, ukimgusa anazimwaga. Nikamwambia, mzee, lakini hakuna aliyeona. Akasema aliyeutoa shimoni ameona. Nikasema uligonga kichuguu. Akasema kichuguu ni uwanja. Nikasema mvua ilikuwa kubwa, pengine mpira ulikuwa umesimama na maji yakausukuma. Hapo akavua miwani, akafurahi kabisa, akasema kijana, maji au upepo ukiusukuma mpira ukaingia shimoni, inahesabiwa umeingia kwa lile pigo lako la mwisho, na wewe ulipiga mangapi? Moja. Klabu nzima ikaitikia "MOJA!" Dada wa kaunta akaandika kitu.

Nikauliza kwa sauti ya mtu anayezama, je kama ni mnyama?

Kukawa kimya. Mzee wa miwani akasema ah, mnyama ni kesi nyingine. Mnyama akiugusa mpira uliosimama, unarudishwa pale ulipokuwa. Akaanza na hadithi ya Jinja, kwamba kule kwao mpira ukitua kwenye unyayo wa kiboko unauokota bila adhabu, na Entebbe ambako wanacheza tangu 1901, mimi sikusubiri afike Entebbe. Nilishatoka nje namtafuta mtoto wa kaveera.

Nikamkuta chini ya dirisha anasikiliza. Nikamwambia kijana wangu, hebu kumbuka vizuri, wale mbuzi wako, yule mweupe hasa, hakuupiga mpira teke kweli? Akafikiri. "Uncle, naweza kukumbuka." Nikampa elfu tano akakumbuka hapo hapo.

Tukaingia naye, nimemshika bega kama mtoto wangu. Mzee wa miwani akamwita mbele, akamwuliza kwa upole, mwanangu, mbuzi aliugusa mpira? Yule mtoto hakumjibu. Alikuwa anaangalia kreti za soda nyuma ya kaunta. Akauliza, "Kama ni mbuzi, soda iko?" Mzee akasema hapana, kama ni mbuzi hakuna sherehe. "Na kama umeingia wenyewe?" Mzee akasema wewe ndiye shahidi, wewe unapata mbili.

"Mbuzi nilikuwa nimewafunga," akasema.

Nyumba ililipuka kuliko ile radi. Sitaki kuwachosha na yaliyofuata, mtu anakunywa bia yangu ananipigia makofi mgongoni, mgongo ule ule ninaoumwa. Daftari lilifungwa hivi: bia 24 kwa elfu tano tano, soda 17 kwa elfu mbili mbili, nyama ya kuchoma sahani 6 za elfu kumi na tano (nyama ni mila gani? nikauliza, hakuna aliyejibu), na waragi robo 3 za elfu kumi kumi. Jumla 274,000. Mzee wangu akalipa, akasema usijali, ile kontena ya wiki ijayo utaniondolea bure tumalizane. Akanisogelea sikioni, akasema, "Kidogo tu, eh?"

Kedi naye akataka chake, akasema kwa holi-in-wani kedi hapewi ile ya kila siku. Nikampa elfu thelathini na nane zilizobaki pamoja na ile noti iliyokatika, nikabaki bila hata ya boda.

Natoka getini na daluga mkononi, miguu imevimba, nasikia "Uncle! Uncle!" Ni yule shahidi wangu, mdomo wote umekuwa rangi ya chungwa, chupa ya pili iko kwapani, mbuzi wanamfuata. Akafungua kaveera akanionyesha. "Iko mingine mitano. Elfu mbili mbili."

Nikamwuliza, na hii umeitoa wapi?

"Yote kwenye shimo," akasema. Akaangalia nyuma kama kuna mtu, akashusha sauti. "Ukiwaambia umeitoa kwenye nyasi wanakupa mia tano."