Plasta ya Mitishamba kwa Titi Lililovimba: Inasaidia Hadi Wapi?

Nchini China, mama anayenyonyesha akipata uvimbe wa titi, likawa jekundu na la moto, kubandikwa dawa ya mitishamba ni jambo la kawaida hata hospitalini. Tiba hii ni ya kale. Kitabu cha dawa cha utawala wa Tang, cha mwaka 659, kinautaja mmea wa pugongying kwa uvimbe huo. Unga wa jinhuang, wenye bizari, maganda ya chenza na mizizi ya dahuang, uliandikwa na tabibu Chen Shigong mwaka 1617, na unatumika hadi leo.

Wanaoitetea plasta wana hoja nzito. Mwanzoni, uvimbe mwingi hautokani na bakteria: maziwa yamekwama na mirija imebanwa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, unashauri barafu, dawa kama ibuprofeni na mtoto kuendelea kunyonya, huku ukionya dhidi ya kukanda titi kwa nguvu. Dawa inayopakwa ikiwa baridi inamtuliza mama kwa njia iliyo karibu na barafu, tena inamwepusha na antibayotiki asizozihitaji. Hilo si jambo dogo kwa mtu asiyelala kwa maumivu.

Lakini je, ni mitishamba inayoponya? Tafiti za China ni nyingi, ila mara nyingi plasta hutolewa pamoja na kukamua maziwa, kukandwa au antibayotiki, na rangi na harufu yake humjulisha kila mtu nani amebandikwa nini. Uvimbe mwepesi pia hupoa wenyewe. Kwa hiyo naikubali kama kituliza maumivu. Kuiita tiba kamili, bado.

Kinachonisumbua zaidi ni kilichomo ndani. Plasta nyeusi za jadi hutengenezwa kwa kuchemsha mafuta ya ufuta pamoja na oksidi ya madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hapa inawekwa pale pale anaponyonya. Mangxiao, chumvi ya sodiamu salfeti inayofungwa kwenye kitambaa, haina hatari hiyo, lakini China hiyo hiyo huitumia kukausha maziwa ya mama anayemwachisha mtoto. Anayetaka kuendelea kunyonyesha anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kuwekewa. Plasta isiyoorodhesha viungo vyake haifai kabisa kuwekwa kwenye titi la mama anayenyonyesha, na hata iliyo salama isifunike chuchu.

Halafu kuna suala la muda. Shirika la Afya Duniani linashauri antibayotiki ikiwa dalili ni kali tangu mwanzo, chuchu ina mpasuko, au hali haijabadilika saa 12 hadi 24 baada ya maziwa kutolewa vizuri. Katika utafiti wa Denmark wa mwaka 1984, wanawake wenye maambukizi waliokamua maziwa tu walipona vizuri karibu nusu yao. Waliokamua na kupewa antibayotiki, asilimia 96. Mama mwenye homa na baridi ya kutetemeka anayebandika plasta siku ya tatu akisubiri anaupa usaha nafasi ya kujikusanya.

Usaha ukishajaa, hata utabibu wa jadi wa China haukutegemea bandiko peke yake. Chen Shigong alikuwa mpasuaji, na jipu lililoiva lilifunguliwa. Siku hizi hospitali huufyonza usaha kwa sindano, wakiongozwa na ultrasaundi. Muuzaji anayedai plasta yake inafaa kwa kila hatua ameachana na mapokeo hayo hayo anayojivunia.

Kwa mwanamke asiyenyonyesha, msimamo wangu ni mkali zaidi. Iko saratani ya titi inayokuja kama uvimbe mwekundu wa moto, ngozi ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, mara nyingi bila homa, na hukua kwa wiki chache tu. Huyo apimwe kwanza, kabla ya kubandikwa chochote. Na anayenyonyesha naye, kama wekundu haujaondoka baada ya dozi ya antibayotiki kwisha, arudi hospitali akapigwe picha ya titi.