Akechi Mitsuhide: msaliti, au aliwahi kabla hajawahiwa?

Alfajiri ya tarehe 21 Juni 1582, jeshi la watu wapatao 13,000 lilizingira hekalu la Honnō-ji mjini Kyoto. Ndani alikuwemo Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa akiiunganisha Japani kwa upanga, na walinzi wachache tu. Waliomzingira ni watu wa jenerali wake mwenyewe, Akechi Mitsuhide, aliyeagizwa kwenda magharibi kumsaidia Hideyoshi, jenerali mwingine wa Nobunaga, dhidi ya ukoo wa Mōri. Nobunaga alijiua hekalu likiteketea.

Kumhukumu Mitsuhide ni rahisi. Ni Nobunaga aliyempa eneo la Sakamoto mwaka 1571, na baada ya Mitsuhide kuiteka Tanba mwaka 1579 akamkabidhi jimbo hilo pia. Wanaomtetea husema alitukanwa mbele za watu, au kwamba mama yake aliuawa akiwa mateka kwa kosa la Nobunaga. Hadithi hizo zilienea miaka mingi baadaye, enzi za Edo (1603–1868), nami sizipi uzito.

Kinachonifikirisha ni mwaka 1580. Nobunaga alimtimua Sakuma Nobumori, jenerali aliyemtumikia takriban miaka 30, kwa barua ya vifungu 19 iliyomshutumu kwa kuzembea miaka 5 mbele ya Hongan-ji, ngome ya watawa wa Kibuddha. Barua hiyohiyo ilimsifu Mitsuhide kwa kazi ya Tanba, ili Sakuma aone haya. Sakuma na mwanawe wakaambiwa wanyoe vichwa kama watawa waende mlima Kōya, penye mahekalu ya Kibuddha. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: sifa za leo hazikumkinga jenerali yeyote na barua ya kesho.

Basi woga wake naukubali. Nisichokubali ni maandalizi yake, maana hapo ndipo anapojiangusha kama jenerali. Alimuua bwana wake kabla ya kujua nani atasimama naye. Hosokawa Fujitaka, ambaye mwanawe Tadaoki alimuoa binti wa Mitsuhide, alinyoa kichwa kumwombolezea Nobunaga na kukataa kujiunga. Wiki moja baada ya Honnō-ji, Mitsuhide alikuwa bado anambembeleza kwa barua, akimwahidi jimbo la Settsu na kudai alifanya yote kwa ajili ya Tadaoki. Hideyoshi, wakati huo, alishapatana na Mōri na alikuwa njiani kurudi. Tarehe 2 Julai walipambana Yamazaki, karibu na Kyoto, na Mitsuhide akashindwa siku hiyohiyo.