Zima Taa Kwanza, Ndipo Uniambie Feni Ni Nzuri

Tathmini za feni za kompyuta za RGB, yaani zenye taa za rangi, zimekuwa na utaratibu mmoja, na nimeuchoka. Dakika kadhaa za kufungua boksi. Kisha rangi: upinde wa mvua, mawimbi, kupumua, nyekundu tupu, halafu upinde wa mvua tena kwa yeyote aliyekuwa amepepesa macho. Mwishoni kabisa, kwa pumzi moja: "Na upepo wake uko vizuri, kimya kabisa." Nyota 5. Kimya kwenye RPM (mizunguko kwa dakika) ngapi? Imefungwa wapi, mbele ya rejeta (kipoza maji ya prosesa) au nyuma ya kesi (kasha la kompyuta)? Ukilinganisha na feni gani? Hakuna jibu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mimi nasema feni yenye taa ni feni kwanza. Ipimwe ikiwa giza, ishindanishwe na feni zisizo na taa hata moja, na ikishindwa hapo, rangi milioni 16 haziiokoi.

Tuanze na lile boksi, maana ndilo linalosomwa kwenye video kana kwamba ni hati ya mahakama. Lina namba mbili kubwa: CFM, yaani kiasi cha hewa, na mmH2O, yaani nguvu ya kusukuma. Ile CFM hupatikana feni ikipuliza bila kizuizi chochote mbele wala nyuma yake. Ile mmH2O hupatikana njia ikiwa imezibwa kabisa, hewa haipiti hata kidogo. Hali hizo mbili haziwezi kutokea kwa wakati mmoja, na hakuna kesi inayofanana na yoyote kati yake. Feni yako itaishi katikati, pale nguvu yake inapokutana na chujio la vumbi, wavu wa mbele na mapezi ya rejeta. Feni mbili zilizoandikwa CFM 60 zinaweza kuachana mbali sana zikishawekwa nyuma ya chujio moja. Kinachoonyesha ukweli ni mchoro wa mkunjo unaounganisha namba hizo mbili. Mtengenezaji anayeuchapisha anastahili kusikilizwa. Anayetoa namba mbili tu na picha ya joka linalowaka, mwache na joka lake.

Na namba zote mbili ni za kasi ya juu kabisa, ambayo hakuna mtu anayeivumilia mezani. Feni ya RPM 2000 itafanya kazi siku zake nyingi kwenye 1000 hadi 1200. Hapo hesabu inabadilika kwa namna ambayo boksi halisemi: ukipunguza kasi kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini nguvu ya kusukuma inabaki robo. Zile mmH2O 2.4 za kujivunia zinakuwa 0.6. Ndiyo maana mtu ananunua feni za "presha kubwa", anazifunga kwenye rejeta nene, anazishusha ili apate utulivu, halafu anashangaa prosesa inachemka.

Kipimo chenye maana ni kulinganisha joto wakati kelele ni sawa. Siyo RPM sawa, kelele sawa. Vifaa unavyo: simu yenye programu ya kupimia desibeli, na programu yoyote ya kusoma joto. Weka simu mahali pamoja, sentimita 50 kutoka kwenye kesi, wala usiisogeze mpaka umalize feni zote. Namba ya simu usiiamini kama namba. Iamini kama mizani ya kulinganisha tu. Chumba kiwe kimya, desibeli 10 au zaidi chini ya sauti ya feni, la sivyo unapima chumba. Panda polepole kwa RPM 50 mpaka simu isome kiwango ulichochagua, kisha ipe prosesa au kadi ya picha mzigo usiobadilika kwa dakika 30. Kama feni zinasukuma rejeta, usikate muda huo, maana maji huchelewa kupata moto na yakishapata huchelewa kupoa. Rekodi joto la kifaa, toa joto la chumba. Tofauti hiyo ndiyo alama ya feni. Badilisha feni tu, usiguse kitu kingine, rudia.

Ukiwa unapanda hizo RPM 50, fungua masikio. Feni nyingi zina eneo moja la kasi ambapo zinaanza kuvuma, labda kati ya 850 na 950, halafu zinatulia tena. Desibeli hazionyeshi vizuri mvumo huo, lakini sikio litaukataa kwa wiki nzima. Andika eneo hilo na urukishe kasi hapo kwenye mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoamka kabla ya Windows). Kisha laza feni chini, jinsi itakavyokaa juu ya kesi, usikilize tena kwenye kasi ndogo. Beringi za bei ya chini za aina ya bushi hazipendi kulala, na mlio wa kukwaruza huanzia hapo.

Sasa, kwa nini taa zinaingia kwenye hesabu ya upepo? Kwa sababu zinahitaji mahali pa kukaa. Fremu ya milimita 120 haiwezi kunenepa. Matundu ya skrubu yako milimita 105 kutoka kimoja hadi kingine, na kesi zimechongwa hivyo. Pete ya taa ikizunguka ndani ya fremu, inakula nafasi ya mapanga. Chukua mfano wa mapanga yenye kipenyo cha milimita 113 na kitovu cha 42. Punguza kipenyo hadi 104 ili pete ipate kukaa, yaani milimita 4 na nusu tu kila upande, na umepoteza takriban asilimia 18 ya eneo linalosukuma hewa. Ili kufidia, feni izunguke haraka zaidi, na kuongeza kasi kwa asilimia 20 kunaongeza kelele kwa takriban desibeli 4. Taa zikihamishiwa kwenye kitovu, kitovu ndicho kinachovimba, na eneo linaliwa kutokea ndani.

Halafu kuna plastiki. Mapanga ya rangi ya maziwa yanayosambaza mwanga vizuri kwa kawaida ni laini kuliko yale meusi yaliyochanganywa na nyuzi za kioo. Panga laini hunyumbuka likizunguka, kwa hiyo mtengenezaji analazimika kuacha mwanya mpana kati ya ncha yake na fremu, na kwenye mwanya huo presha inavuja kurudi nyuma. Noctua walipotoa NF-A12x25 mwaka 2018, mwanya ulikuwa milimita 0.5, na waliufikia kwa kutumia plastiki ngumu isiyopitisha mwanga. Haina taa hata moja. Rangi yake ni ile ya kahawia inayowaudhi watu, sawa, lakini angalau tunajua pesa ilikwenda wapi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mambo yameboreka. Zipo feni sasa zenye mapanga magumu meusi na taa kwenye kingo za fremu pekee, na hizo hazidaiwi chochote. Kwenye milimita 140 pete inaumiza kidogo tu. Na feni ya kutoa hewa nyuma ya kesi, isiyo na chujio wala rejeta, karibu yoyote inatosha. Weka hapo hata yenye mbalamwezi. Joto la taa zenyewe pia si la kukunyima usingizi.

Umeme wake, hata hivyo, si wa kudharau, na hapa ndipo watu wanapochoma vitu. Mifumo ni miwili. RGB ya kawaida ni volti 12, pini 4, feni nzima ina rangi moja kwa wakati mmoja. ARGB, ambapo kila taa huweza kuwa na rangi yake, ni volti 5, pini 3 zilizopangwa katika nafasi 4, moja imeachwa wazi. Kila taa ya ARGB ina chipu yake. Ukichomeka ya volti 5 kwenye soketi ya volti 12, taa zinakufa papo hapo, mara nyingi bila moshi wala harufu, na dhamana haikuhusu. Nafasi iliyoachwa wazi ingepaswa kukuzuia, lakini kebo za nyongeza zisizo na kizibo zinaingia popote kwa utii mkubwa. Soma maandishi kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenyewe, siyo umbo la plagi.

Soketi ya ARGB kwenye mazabodi nyingi hutoa ampea 3. Taa moja ya aina ya WS2812B ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Basi 50 ndiyo mwisho, na feni 3 zenye taa 16 kila moja zimeshafika 48. Feni ya nne unaining'iniza kwenye matumaini. (Tena angalia kichekesho: taa 16 ni karibu wati 5, wakati mota ya feni iliyoandikwa 0.15A ni wati 1.8. Taa zinakula zaidi ya kazi.) Taa za kizazi kipya hula kidogo, ndiyo sababu ya kusoma lebo badala ya kukisia.

Jaribio la haraka: washa nyeupe, mwangaza asilimia 100, kisha tazama feni ya mwisho kwenye mnyororo. Ikiwa nyeupe yake inaelekea manjano au waridi, volti inashuka njiani. Rangi ya bluu na kijani huhitaji takriban volti 3, nyekundu inaridhika na 2, kwa hiyo nyekundu hubaki mwisho. Dawa ni habu (kigawanyaji) inayopata umeme kutoka kwenye pawa saplai kwa plagi ya SATA, ila usiiunganishe kupitia adapta ya molex (plagi kubwa ya zamani ya pini 4) kwenda SATA iliyomiminwa plastiki. Hizo zina sifa mbaya ya kuyeyuka. Na mnyororo ukizimika katikati, mkosaji ni taa ya kwanza iliyo giza au ile ya mwisho inayowaka kabla yake, kwa sababu data hupita kutoka taa hadi taa. Usibadilishe feni zote.

Kwa upande wa mota, soketi ya feni kwa kawaida ni ampea 1, na wakati wa kuanza mota huvuta zaidi ya ilichoandikiwa. Feni 3 kwenye soketi moja, sawa. Kumi, hapana. Habu ya PWM, ile ya kudhibiti kasi ya feni, hurudisha RPM ya feni moja tu, ile iliyo kwenye soketi iliyowekwa alama. Nyingine zikisimama, mazabodi haina habari.

Plagi za siri, zile zinazoingia kwenye kontrola ya kampuni hiyo hiyo tu: kabla ya kununua, jiulize kontrola ikifa miaka 3 baadaye utawashaje taa. Kama huna jibu, chukua feni yenye plagi ya kawaida ya pini 4 na ARGB ya pini 3.

Programu za watengenezaji za kuendesha feni na taa sitazipa nafasi kubwa. Zinataka soketi ya USB 2.0 ya ndani, ambazo mazabodi nyingi zina moja au mbili, na pampu ya maji nayo inaitaka. Programu mbili zikigombania taa za RAM, zote zinakwama. Machi 2025 Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, ilianza kuitia alama ya hatari WinRing0, draiva ambayo programu kadhaa za feni na taa ziliitegemea. Windows 11 ina udhibiti wake wa taa tangu 2023, lakini kifaa lazima kiukubali. OpenRGB, programu huria ya kuendesha taa, inasaidia vifaa vingi. Angalia orodha yake kabla ya kulipa.

Feni za mapanga yaliyogeuzwa, zinazoonyesha uso mzuri huku zikivuta hewa ndani, zihesabu kama modeli nyingine kabisa na uzipime upya. Jina kwenye boksi linafanana, mapanga hayafanani.

Baada ya yote hayo, haya, washa taa. Zitazame kwenye mwangaza wa asilimia 20, siyo 100, maana ndipo utakapoona kama mwanga umesambaa au ni nukta nukta. Weka rangi moja ya kijivu hafifu uone kama feni zote zinafanana. Kisha zima kompyuta. Kama feni bado zinang'aa, mazabodi inazilisha umeme wa akiba. Ingia BIOS, washa ErP, mpangilio wa kukata umeme huo. Ujue tu kwamba ErP huzima pia umeme wa USB, kwa hiyo kama ulizoea kuwasha kompyuta kwa kibodi, utarudi kwenye kitufe.